Anton Schindler na Kitabu Chake cha Maisha ya Beethoven

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamelisikia jina la Ludwig van Beethoven, mtungaji wa muziki, Mjerumani, aliyezaliwa mjini Bonn mwaka wa 1770, akafa mjini Vienna katika nchi ya Austria tarehe 26 Machi 1827. Hata wasiolijua jina lake yamkini wameusikia muziki wake, maana tuni ya furaha iliyo mwisho wa Simfonia yake ya Tisa huimbwa katika makanisa mengi duniani kwa maneno ya kumsifu Mungu. Lakini leo sikukusudia kueleza habari za Beethoven mwenyewe. Nataka kueleza habari za mtu aliyemtumikia bila mshahara, na baada ya kufa kwake akaandika kitabu cha maisha yake. Jina lake ni Anton Schindler. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia watu walioandika juu ya Beethoven walichota maji katika kisima cha mtu huyu. Na hata sasa, ijapokuwa imejulikana kwamba kisima kile kilitiwa matope, hakuna mwandishi awezaye kukipita asitazame ndani. Basi imetupasa kuuliza: mtu huyu alikuwa shahidi wa namna gani, na kitabu chake kina thamani gani?

Schindler alizaliwa mwaka wa 1795 katika kijiji cha Meedl, nchi ya Moravia, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Kijana alijifunza kupiga fidla, na mwaka wa 1813 akaenda Vienna kusoma sheria. Akawa karani katika ofisi ya mwanasheria, lakini moyo wake ulikuwa katika muziki, hata mwaka wa 1822 akaiacha kazi ya ukarani, akawa kiongozi wa wapiga fidla katika nyumba ya michezo ya Josefstadt. Mwaka huo huo nyumba hiyo ilifunguliwa upya kwa muziki wa Beethoven, na Schindler akaingia katika utumishi wa mtu yule mkuu. Alimwandikia barua, alimpelekea ujumbe kwa wachapaji na wakuu, alimtafutia nyumba za kupanga, na alimsaidia katika mashauri ya kuuza nakala za Misa yake kubwa kwa wafalme wa Ulaya. Mtu asidharau kazi kama hizo. Mtu mwenye akili nyingi, tena kiziwi, tena mwepesi wa hasira, hawezi kuishi mjini asipopata mtu wa kumfanyia mambo madogo. Na mambo madogo yasipofanyika, makubwa nayo husimama.

Walakini Beethoven hakumheshimu sana. Katika barua zake alimtania kwa kumwita Papageno. Papageno ni yule mtega ndege katika opera ya Mozart iitwayo Die Zauberflöte, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka wa 1791. Katika mchezo ule Papageno anajisifu kwamba ndiye aliyeua joka, hali hakuliua yeye, na kwa ajili ya uongo huo akafungwa kufuli kinywani. Beethoven alipomwita hivyo alikuwa akimwonya tu asipeleke maneno huku na huku; hakujua kwamba utani wake ungekuja kufanana na mambo yaliyotokea baadaye.

Tarehe 7 Mei 1824 Simfonia ya Tisa ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna. Watu walishangilia mno, lakini fedha zilizobaki baada ya kulipa gharama zilikuwa chache kuliko alivyotumaini Beethoven. Siku chache baadaye aliwaalika wasaidizi wake chakulani, na pale mezani akawashutumu kwamba wamemdhulumu. Wageni wakaondoka kwa uchungu. Kisha Beethoven akamwandikia Schindler barua, akasema kwamba hamshitaki kwa uovu wa moyo, bali kwa upungufu wa busara, na ya kuwa afadhali amlipe kwa zawadi ndogo kuliko kumweka mezani pake. Tangu hapo Schindler alikaa mbali, na mahali pake pakashikwa na Karl Holz, kijana aliyekuwa mpiga fidla na karani. Tena mwezi wa Agosti 1826 Beethoven alimpa Holz hati ya mkono wake, kumruhusu kuandika maisha yake. Hati ya namna hiyo Schindler hakupewa.

Alirudi karibu na bwana wake mwishoni mwa mwaka wa 1826, Beethoven alipokuwa mgonjwa wa maradhi yaliyomwua. Na hapa imetupasa kumsifu, maana sifa hii ni ya haki. Alikuwa miongoni mwa wachache waliokuja kitandani pa mgonjwa katika baridi ile, pamoja na Stephan von Breuning, rafiki wa Beethoven tangu ujana. Aliandika barua kwa Moscheles, mpiga piano aliyekaa London, na Chama cha Philharmonic cha mji huo kikamletea mgonjwa paundi 100 za kumsaidia. Siku ile Beethoven alipokata roho, Schindler na Breuning walikuwa wametoka kumtafutia mahali pa kaburi katika makaburi ya Währing. Barua zile za mwaka wa 1827 zipo hata leo, na wenye elimu huziamini, kwa sababu ziliandikwa siku zile zile za mambo yenyewe.

Ukihesabu vizuri, basi, utaona kwamba Schindler alikuwa karibu sana na Beethoven tangu mwisho wa mwaka wa 1822 hata Mei 1824, na tena katika miezi ya mwisho ya ugonjwa wake. Si muda mrefu. Lakini katika kitabu chake alieneza urafiki ule juu ya miaka mingi, akitaka msomaji aamini kwamba alizoeana na bwana wake tangu siku za kwanza walipoonana mwaka wa 1814. Miaka yake miwili na zaidi akaigeuza kuwa kumi na zaidi. Hapo ndipo mahali kosa lake lilipoanzia. Na mengine yote yalitoka hapo, kama vile mwenye kujenga nyumba juu ya msingi uliopinda hulazimika kuzipindisha na kuta.

Sasa yapasa nieleze habari ya madaftari. Beethoven alianza kupotewa na masikio angali kijana, na tangu mwaka wa 1818 hivi watu waliotaka kuzungumza naye waliandika maneno yao katika vitabu vidogo. Yeye aliyasoma, akajibu kwa kinywa. Kwa hiyo anayesoma madaftari yale ni kama mtu aliye nyuma ya ukuta, naye amsikia mmoja tu wa wasemaji wawili. Maneno mengi yaliyomo ni ya mambo ya kila siku: bei za vyakula, matata ya watumishi wa nyumbani, masomo ya Karl mwana wa ndugu yake, habari za muziki, na mizaha ya marafiki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yana thamani kubwa. Katika vitabu vya sifa mtu mkuu husimama kama sanamu. Katika madaftari haya twamwona ameketi mezani na watu wake.

Beethoven alipokufa, mrithi wake alikuwa Karl. Mwezi wa Novemba 1827 vitu vyake viliuzwa kwa mnada, na karatasi nyingi za muziki wake zikatawanyika. Lakini madaftari ya mazungumzo, pamoja na karatasi nyingine, yalikuwa mikononi mwa Schindler; na Breuning, ambaye angaliweza kueleza yalifikaje huko, alikuwa amekwisha kufa mwezi wa Juni mwaka ule ule. Kama Schindler alipewa au alijitwalia, watu wamebishana. Lililo hakika ni kwamba aliyahifadhi kwa karibu miaka ishirini, alipokuwa mwongoza muziki katika miji ya Münster na Aachen, na mwaka wa 1846 akayauza, zaidi ya madaftari 130, kwa Maktaba ya Mfalme mjini Berlin, kwa malipo na pensheni ya kila mwaka.

Kitabu chake kilitoka mjini Münster mwaka wa 1840, na mwaka wa 1860 akakitoa tena, kimebadilishwa na kuongezwa sana. Nataka nikisifu kwanza, kabla ya kukilaumu. Schindler ana jicho la kuona nyumba na mazoea ya mtu. Anapoeleza vyumba visivyo na utaratibu, karatasi zimetapakaa, kiziwi akipiga hatua huku na huku akiimba kwa sauti isiyo na tuni, msomaji huona mtu hai. Anaeleza uchungu wa uziwi kwa huruma ya kweli. Na katika sura za ugonjwa na mauti anasema kama mtu aliyekuwapo, kwa sababu alikuwapo. Laiti kitabu kizima kingeandikwa kwa kipimo hicho!

Lakini msomaji akiendelea ataona mambo matatu ya kumtia shaka. La kwanza ni kwamba karibu kila mtu aliyekuwa rafiki wa Beethoven anapungua katika kitabu hiki, isipokuwa mwandishi mwenyewe. Ndugu yake Johann ni mchoyo. Holz ni mpotoshaji aliyemwingiza mzee katika ulevi. Karl ni kijana asiye na shukrani aliyemwua mjomba wake kwa huzuni. Nimesema mjomba kwa mazoea ya lugha, lakini kwa haki ni baba yake mdogo au mkubwa, maana Beethoven alikuwa ndugu wa baba yake. Na huyu Karl alikuwa ameondolewa kwa mama yake mzazi, mambo yake yakapelekwa mahakamani miaka mingi. Ni kweli kwamba mwaka wa 1826 kijana huyo alijaribu kujiua. Lakini alipona, akawa askari, kisha akakaa kwa utulivu na mkewe na watoto wake, na mwanawe mmoja akamwita Ludwig. Mtu anayechukia jina hampi mtoto wake. Kitabu cha Schindler kilipotoka Karl alikuwa hai, naye hakujibu kitu. Na alikufa mwaka wa 1858, kabla ya chapa ile kubwa ya 1860. Wazee wetu husema, asiyekuwepo na lake halipo. Msiba wa Karl ulikuwa huo: maisha yake yalisimuliwa na mtu asiyempenda, na yeye hakuwa na kalamu.

La pili ni zile hadithi nzuri mno. Watu wengi wameambiwa kwamba zile noti nne za mwanzo wa Simfonia ya Tano ni ajali ya maisha inayobisha mlangoni. Habari hiyo yatoka kwa Schindler. Carl Czerny, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Beethoven kweli, alisema zilitokana na sauti ya ndege. Schindler ndiye aliyesema pia kwamba alipouliza maana ya sonata mbili za piano, Beethoven alimwambia akasome mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest. Hata leo sonata moja huitwa kwa jina hilo, wala Beethoven hakuiita hivyo. Na ile barua mashuhuri ya mapenzi iliyokutwa katika vitu vya marehemu, isiyo na jina la mwanamke wala mwaka, Schindler aliichapa akasema aliandikiwa Giulietta Guicciardi mwaka wa 1806. Baadaye wataalamu walilinganisha siku za juma na tarehe zilizoandikwa juu yake, na mambo mengine, wakaona ni ya mwaka wa 1812. Na kwa hiyo jina lile nalo likaanguka.

La tatu, nalo ndilo zito, ni kwamba kila palipotokea ubishi juu ya namna ya kupiga muziki wa Beethoven, upesi au polepole, kwa maana hii au ile, Schindler alikuwa na ushahidi wa maandishi. Akifundisha kwamba sonata za Opus 14 ni mazungumzo ya nguvu mbili zinazoshindana, mara katika daftari laonekana neno la mkono wake mwenyewe likizungumza na Beethoven juu ya jambo lilo hilo. Ubishi ukaisha. Nani awezaye kubishana na daftari?

Na watu kweli hawakubishana, au walibishana kidogo. Mmarekani Alexander Wheelock Thayer aliona kwamba habari za Schindler na za waandishi wengine hazipatani, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta kweli katika hati na vitabu vya serikali na barua, na juzuu la kwanza la kitabu chake likatoka kwa Kijerumani mwaka wa 1866, miaka miwili baada ya Schindler kufa. Hata hivyo Thayer mwenyewe hakuona ubaya wote. Katika miaka ya 1941 hata 1943 mtaalamu Georg Schünemann alipochapa sehemu ya madaftari, maneno ya Schindler yalichapwa pamoja na mengine kama ushahidi safi.

Uongo ulidhihirika mwaka wa 1977. Wanawake wawili wataalamu, Dagmar Beck na Grita Herre, waliokuwa wakiyatengeneza madaftari kwa kuchapwa katika maktaba ya taifa mjini Berlin, walitangaza kwamba maneno mengi ya Schindler hayakuandikwa siku za Beethoven hata kidogo. Yaliandikwa baada ya kufa kwake. Walihesabu mahali zaidi ya 150. Walijuaje? Mkono ulikuwa wa Schindler kweli, kwa hiyo mtu aliyetazama mwandiko tu hakuona shaka. Lakini wao walitazama mahali maneno yalipokaa. Yaliwekwa chini ya kurasa na katika nafasi zilizobaki tupu, mara nyingine yakibanwa ili yasigongane na maandishi ya zamani. Tena hayakushikamana na mazungumzo: mtu wa kwanza asema habari ya mpishi, wa pili amjibu habari ya mpishi, na katikati yao Schindler anasimama akiuliza juu ya maana ya sonata, wala hakuna amsikiaye. Tena aliandika maneno katika madaftari ya miaka ambayo bado hajawa mtu wa nyumba ile. Wakaletwa na wataalamu wa miandiko, wale wasaidiao polisi, nao wakathibitisha. Kila mwenye kutunza daftari la deni dukani au kitabu cha mashauri ya kanisa aijua hila hii: mstari uliotiwa baadaye hujulikana kwa kuwa umejikunja ili upate mahali pa kukaa.

Basi, fikiri ajabu ya jambo hili. Mtu huyu alizungumza na marehemu. Aliketi peke yake, rafiki yake amelala kaburini, akaandika maswali ambayo hakuwahi kuuliza, na akaacha msomaji adhani majibu yalitolewa. Hakumwibia Beethoven fedha, alimwibia kinywa.

Imenenwa pia kwamba Schindler alichoma madaftari mengi, hata zaidi ya nusu, kwa maana Thayer alisikia habari ya madaftari 400. Kwa muda mrefu jambo hilo lilitiwa katika vitabu kana kwamba ni hakika. Lakini Theodore Albrecht, mtaalamu Mmarekani aliyeshika kazi ya kuyafasiri madaftari kwa Kiingereza, ametoa hoja kwamba hesabu ile haina msingi, na ya kuwa huenda yaliyopotea ni machache tu. Tena asema kwamba baadhi ya maneno yaliyoongezwa huenda yalitoka katika kumbukumbu ya mambo yaliyosemwa kweli. Haya yanatufundisha neno moja. Mtu akishakamatwa katika uongo, watu humtwika na dhambi zisizo zake. Naye hana la kujitetea, kwa kuwa ndiye aliyeivunja heshima ya neno lake. Na kumbukumbu zake za kweli, kama zilikuwamo katika maneno yale, zimezikwa pamoja na za uongo, wala hakuna awezaye kuzitenga. Huo ndio ubaya wa ushahidi wa uongo: huua na ushahidi wa kweli ulio jirani yake.

Kwa nini alifanya hivyo? Moyo wa mtu ni msitu, na waliokufa hawaulizwi. Lakini twaweza kuona mambo kadhaa. Alikuwa mtu wa akili ya kadiri aliyewahi kukaa karibu na moto mkubwa, na baada ya moto kuzimika alibaki katika baridi. Watu wa Ulaya walimtazama kwa sababu ya jina la mwingine. Mshairi Heinrich Heine, aliyekaa Paris, aliandika kwa dhihaka kwamba Schindler alikuwa na kadi iliyochapwa maneno ya kumtambulisha kuwa rafiki wa Beethoven. Na ijapokuwa Schindler alikana, watu walicheka kwa sababu waliona yafanana naye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tena alikuwa na kidonda: alijua kwamba bwana wake alimfukuza mezani, na kwamba hati ya kuandika maisha alipewa Holz. Yamkini alitaka kupata kwa maandishi heshima aliyonyimwa katika maisha.

Wasomaji wa Maandiko watamkumbuka Gehazi, mtumishi wa Elisha. Yeye naye alilichukua jina la bwana wake akakimbia nalo nyuma ya Naamani, akasema ametumwa hali hakutumwa, ili apate fedha na mavazi. Na habari ya ukoma wake twaijua. Lakini iko habari ya pili ambayo watu huipita upesi. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nane, mfalme amwambia Gehazi amsimulie matendo makuu ya Elisha. Basi mtumishi yule mwenye kosa akawa msimulizi wa maisha ya bwana wake! Naye alipokuwa akisimulia habari ya mtoto aliyefufuliwa, mama wa mtoto akaingia kumlilia mfalme kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Gehazi akasema, huyu ndiye. Mfalme alifanya nini? Hakutosheka na masimulizi ya Gehazi. Alimwuliza mwanamke mwenyewe, naye akamweleza. Kisha ndipo akaamuru arudishiwe mali yake. Hakumfukuza msimulizi, wala hakumwamini peke yake. Naona hiyo ndiyo hukumu ya haki juu ya kitabu cha Schindler. Tusikitupe, maana ndani yake mna mambo aliyoyaona kwa macho. Lakini kwa kila neno tumtafute mwanamke wa Shunemu: barua ya siku zile, hati ya mahakama, neno la mtu mwingine aliyekuwapo. Asipopatikana, tuseme wazi kwamba ni Schindler peke yake asemaye, tena tupite.

Kuna na mfano wa pili, ulio bora. Wazee wa Kanisa la kwanza walieleza kwamba Marko alikuwa mfasiri wa Petro, akaandika aliyoyasikia kwake. Ikiwa ndivyo, Marko naye alikuwa msaidizi aliyeandika habari zilizotoka kinywani mwa mkubwa wake. Lakini Petro ametokeaje katika Injili ile? Yumo akikemewa, yumo akilala bustanini, yumo akimkana Bwana kando ya moto, akilia. Hakuna aliyepunguza. Na Marko mwenyewe hajitaji kwa jina wala hajipi kiti. Kwa sababu hiyo twamwamini. Mwandishi anayejiondoa njiani humwacha msomaji amwone yule anayesimuliwa. Anayejisimamisha mbele, hata akiwa na mapenzi mengi, huzuia mwanga.

Neno hili si la Ulaya tu. Katika vijiji vyetu wako waliowajua walimu wa kwanza, wazee waliojenga kanisa kwa mikono yao, akina mama waliofundisha wasichana kusoma chini ya mti. Watu hao wanakufa, na watoto wao huanza kutafuta mtu wa kuandika habari zao. Atakayeshika kalamu atajaribiwa kama Schindler alivyojaribiwa. Atataka kusema alikuwapo siku ambayo hakuwapo. Atataka kumpa marehemu hotuba nzuri kuliko aliyoisema. Atataka kumwacha nje mwenzake waliyegombana naye, au kumtia ndani kwa sura mbaya. Na akiona pengo katika daftari la zamani, mkono utamwasha. Basi na ashike kanuni chache. Aliyoyaona aandike kuwa ameyaona. Aliyoyasikia aandike ameyasikia kwa nani. Miaka aliyokaa na mtu aihesabu kwa kweli, wala asiione haya ikiwa michache. Anayemlaumu ampe nafasi ya kusema kabla hajaandika juu yake, au akiwa amekufa, awaulize watoto wake. Na daftari la zamani aliache kama alivyolikuta, pamoja na mapengo yake.

Nimwhukumu vipi Schindler? Alifanya kosa kubwa juu ya kweli, na kosa lake liliwapotosha wapiga muziki na wasomaji kwa miaka zaidi ya mia. Lakini yeye ndiye aliyeyahifadhi madaftari yale yale ambayo ndani yake uongo wake ulikuja kuonekana. Angaliyachoma yote tusingalimjua kuwa mwongo, wala tusingalimsikia Beethoven akiishi kati ya rafiki zake. Tena kilichonisikitisha zaidi katika habari zake ni kwamba hakuwa na haja ya kuongeza kitu. Kuandika barua kwa ajili ya mgonjwa asiye na mtu, kukaa naye katika miezi ya maumivu, kwenda kumtafutia kaburi mahali pazuri: watu wachache katika mji mzima wa Vienna walipewa heshima kama hiyo, naye alipewa. Ilikuwa yake kwa haki, hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini aliiona ndogo, akaichanganya na mambo ambayo hayakuwa yake. Na sasa kila asomaye kitabu chake hana budi kuisoma hata sura ile ya kweli kwa kidole mdomoni, akijiuliza kama aamini.